Kamati ya Msitu na Moto: Je, Wewe Utagombea?



Somo letu la leo linahusu kiti. Siyo kiti cha kukalia barazani, bali kiti katika kamati. Kijiji chenye msitu wake wa hifadhi huwa na kamati ya kuusimamia. Vijiji vingine huiita Kamati ya Maliasili, vingine Kamati ya Misitu, vingine Kamati ya Mazingira. Jina si kitu. Kazi ya kamati hiyo ni kulinda msitu wa kijiji, na adui mkubwa wa msitu wakati wa kiangazi ni moto. Wajumbe wake huchaguliwa na wanakijiji wenyewe katika mkutano mkuu wa kijiji.

Basi tuulizane: uchaguzi utakapofika, je, wewe utagombea?

Najua wengi mtasema, "Mimi? Mimi nimemaliza kisomo tu. Kamati ni ya wakubwa." Hebu tusome kwanza, halafu ndipo ujibu.

Gari la zimamoto liko wapi?

Nchi yetu ina Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Namba yake ya simu ya dharura ni 114. Iandike ukutani au katika daftari lako, ni namba ya kujua. Lakini tuseme kweli: magari ya zimamoto yako mjini. Kutoka mji wa wilaya mpaka kijijini huenda ni mwendo wa nusu siku, na gari likifika litachota maji wapi? Tena moto wa nyika haukai mahali pamoja kama moto wa nyumba. Asubuhi uko kilimani, saa tisa alasiri umeshavuka bonde.

Kwa hiyo moto wa msitu wa kijiji huzimwa na wanakijiji. Huzimwa kwa matawi mabichi, kwa majembe, kwa mafyekeo, na kwa mchanga. Na kazi kubwa kuliko zote hufanyika kabla ya moto kuwaka, kwa kufyeka na kupalilia ukanda mpana mpakani mwa msitu ili moto ukifika hapo ukose chakula. Sasa nani atawaita watu wafyeke ukanda huo mwezi wa Mei, wakati kila mtu yuko kwenye mavuno? Moshi ukionekana, nani atapiga ngoma au filimbi? Nani atasema, "Ninyi shikeni upande huu, ninyi wengine zungukeni kule"? Kama hakuna aliyepewa kazi hiyo, kila mtu atautazama moshi na kusema, "Ule uko mbali, si kwetu." Mpaka jioni utakuwa kwetu.

Jambo hili halikuanza kwetu wala haliko kwetu peke yetu. Huko Marekani, nchi tajiri, sehemu nyingi za mashambani nazo ziko mbali na zimamoto ya mjini. Katika majimbo kama Washington na Oregon, watu wa mashambani wana wilaya ndogo za zimamoto, na kila wilaya ina bodi yake. Wajumbe wa bodi huwa watatu au watano, na huchaguliwa kwa kura na wakazi wenyewe. Mkulima hugombea, mwalimu mstaafu hugombea, fundi hugombea. Wakishinda, huamua juu ya kodi ya zimamoto, ununuzi wa gari, na kumwajiri mkuu wa kikosi. Na wazima moto wa mashambani kule wengi ni watu wa kujitolea. Sisi hatuna magari yale wala kodi ile. Lakini swali ni lile lile: nani atakaa pale kuamua kwa niaba ya majirani zake?

Sheria inasemaje?

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imekipa kijiji uwezo wa kutenga msitu wake katika ardhi ya kijiji na kuusimamia. Inasema kamati ya kusimamia msitu huo ichaguliwe na mkutano mkuu wa kijiji, iundwe kwa kufikiria wanaume na wanawake, na itoe taarifa mara kwa mara kwa wanakijiji. Sheria hiyo hiyo ina sehemu nzima juu ya moto. Huruhusiwi kuwasha moto porini na kuuacha ukienda ovyo.

Msidhani jambo hili ni dogo. Hesabu ya misitu ya nchi nzima iliyotolewa mwaka 2015 ilionyesha kwamba Tanzania Bara ina misitu na mapori ya miti yapatayo hekta milioni 48. Karibu hekta milioni 22 kati ya hizo ziko katika ardhi za vijiji. Maana yake karibu nusu ya misitu yetu haiko mikononi mwa askari wa misitu. Iko mikononi mwa mikutano mikuu ya vijiji, na kamati zinazochaguliwa humo.

Wako wenzetu waliotangulia. Katika miaka ya 1990, vijiji vilivyouzunguka msitu wa Duru-Haitemba, Babati, vilikubali kuulinda wenyewe msitu ambao Serikali ilikuwa imepanga kuufanya hifadhi yake. Walijipangia doria na kujiwekea sheria ndogo, hata kabla sheria ya 2002 haijatungwa. Kule Kilwa, mwaka 2009, misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha kimataifa cha msitu unaotunzwa vizuri. Kilikuwa cheti cha kwanza cha namna hiyo katika Afrika kwa misitu ya asili iliyo chini ya wanavijiji. Mti wa mpingo unajulikana duniani kwa kutengenezea zumari na filimbi za wazungu, basi fikiria thamani yake unapouzwa na kijiji chenyewe kwa hesabu iliyoandikwa.

Wazee wenu watakumbuka kampeni ya "Misitu ni Mali" ya mwaka 1980. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadiliana. Wakati ule somo lilikuwa panda miti, tunza miti. Siku hizi kuna mamlaka ndani yake, na mamlaka yana daftari, stakabadhi na muhuri. Ndiyo maana nasema na ninyi mliohitimu kisomo.

Moto una wenyewe

Kabla ya kugombea, ujue unagombea kupambana na nini. Moto wa porini karibu wote huwashwa na mtu. Mkulima husafisha shamba jipya, upepo ukaja. Mfugaji huchoma nyasi kavu ili zichipue changa. Mwindaji huchoma ili wanyama watoke. Mrina asali hupanda na mwenge, akishuka anautupa chini. Mchoma mkaa huacha tanuru bila mlinzi. Na watoto, mnawajua watoto.

Baadhi ya watu wakisikia "kamati ya kuzuia moto" hudhani kazi ni kupiga marufuku moto wote. Hapo ndipo kamati nyingi hushindwa. Kijijini moto ni chombo cha kazi, kama jembe. Ukimwambia mkulima asichome kabisa, atachoma usiku, na moto wa usiku hauna mlinzi. Afadhali achome mchana, baada ya kuwapa taarifa majirani na kamati, akiwa amepalilia mpaka wa shamba lake pande zote, na watu wamesimama na matawi mpaka cheche ya mwisho ife.

Tena kuna uchomaji wa mapema. Katika mapori ya miombo, mvua zikiisha tu, mwezi wa Mei au Juni, nyasi bado zina unyevu ndani. Moto wa wakati huo huwa mfupi, hutembea pole pole, hula nyasi chache, na umande wa usiku huuzima. Moto wa Septemba au Oktoba ni mwingine kabisa. Nyasi zimekauka, majani yameanguka, upepo mkali. Huo huua miche yote na kuunguza hata miti mikubwa. Kwa hiyo kijiji kinaweza kuchoma vipande vipande mapema, kwa mpango na kwa kushauriana na Bwana Misitu, ili moto wa baadaye ukose njia. Kule Kilwa wanavijiji wamefanya kazi hiyo katika misitu yao. Lakini angalieni: hiyo ni kwa mapori ya miombo. Msitu wa mvua wa milimani haupaswi kuchomwa wakati wowote, wala shamba la misonobari.

Moto ukipata nafasi hauna mdogo. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulianza katika Mlima Kilimanjaro ukawaka siku nyingi. Mamia ya watu walipanda kuuzima, askari wa hifadhi, wanafunzi wa chuo, na wananchi wa kawaida, wakiwa na matawi na mapanga. Huo ni mlima wenye hifadhi ya taifa na askari wake. Je, msitu wenu?

Nani afaaye?

Hapa nitasema maoni yangu wazi. Mtu wa kwanza ambaye ningempa kura ni mrina asali, hasa yule anayejulikana kwa kuchoma. Mtashangaa, lakini yeye anajua njia zote za msituni, anajua upepo wa alasiri unatoka wapi, na ana mizinga huko ambayo moto ukipita inateketea. Akipewa kazi ya kulinda atalinda cha kwake. Mfugaji naye awemo. Kamati isiyo na mfugaji hata mmoja itakuwa inakamata wafugaji mwaka mzima, na ng'ombe wataendelea kuingia.

Wanawake wawemo, tena siyo wa kupikia wageni chai. Nani huingia msituni kila wiki kutafuta kuni? Nani huona kisiki kilichokatwa jana? Mama akisema katika kikao, "Juzi nimeona tanuru jipya nyuma ya kile kijito," hiyo ni habari ambayo doria ingeitafuta siku tatu. Kina mama wengi huogopa kugombea kwa sababu ya doria za mbali na maneno ya watu. Doria ni zamu. Mwenye mtoto mchanga au mimba anaweza kushika daftari, kutunza fedha, au kusimamia zamu za kutazama moshi. Wazee na waume, hapa nawaomba msiwe kikwazo.

Asiyefaa pia namjua. Ni yule anayegombea kwa ajili ya faini. Utamsikia akisema, "Tutawakamata wote!" Kila akiona moshi anaona shilingi. Mtu huyo moto ukizimwa kabisa atahuzunika. Na yule mwenye biashara ya mbao au mkaa, afikiriwe mara mbili: hawezi kuwa mkata miti na mwandika kibali siku hiyo hiyo.

Kugombea ni kufanya nini?

Kwanza nenda ofisi ya kijiji, umwombe Ndugu Mtendaji nakala ya sheria ndogo za msitu. Isome mwenyewe. Usiridhike kwa kusomewa. Humo utaona wajumbe ni wangapi, kila kitongoji kinatoa wangapi, wanakaa miaka mingapi, na kitu gani kinamwondoa mtu asichaguliwe. Mambo hayo hayafanani kila kijiji, ndiyo maana siwezi kukuandikia hapa. Ukikuta neno gumu, liandike pembeni ukaulize.

Uchaguzi wa kamati hii si sawa na ule wa Halmashauri ya Kijiji. Ule ni wa kila miaka mitano, wa karibuni ulikuwa tarehe 27 Novemba 2024, na wagombea hudhaminiwa na vyama. Katika kamati ya msitu hakuna tiketi ya chama. Jirani yako anakutaja mkutanoni, unakubali, unajieleza, watu wanapiga kura. Basi. Lakini mwenye kutaka kugombea Halmashauri siku moja, kanuni humtaka ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Kamati hii ni shule nzuri ya kuanzia.

Wiki chache kabla ya mkutano, tembea. Usigawe soda wala sukari. Kura ya soda huisha na soda. Nenda kwa mfugaji uulize anachoma wapi na kwa nini. Nenda kwa mama anayetafuta kuni, mwulize njia gani imefungwa na inamtesa. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, mwambie nia yako kabla hajaisikia kwa watu, ni adabu. Siku ya mkutano utapewa dakika chache tu. Usisome risala. Sema mambo mawili ambayo kweli utayafanya. Mfano: "Ndugu zangu, ukanda wa upande wa mtoni haujafyekwa mwaka wa pili sasa. Mkinichagua, nitaomba kila kitongoji kitoe siku moja mwezi wa Mei. Na kila miezi mitatu nitataka daftari la faini lisomwe hapa mbele yenu." Inatosha. Kaa chini.

Hebu tusome daftari

Kwa sheria, mkutano mkuu wa kijiji hufanyika angalau kila miezi mitatu. Hapo ndipo taarifa ya fedha inatakiwa kusomwa. Tutazame mfano. Kijiji hiki nimekibuni kwa ajili ya somo.

Mapato ya miezi mitatu: faini tatu za Sh. 50,000 kila moja, na ada za vibali vya kukusanya fito Sh. 84,500. Matumizi: mafyekeo sita kwa Sh. 9,000 kila moja. Posho ya doria ya watu sita kwa siku nne, kila mtu Sh. 5,000 kwa siku; daftari na kalamu Sh. 6,500. Katibu anasimama, anasoma yote haya kwa sauti nzuri, anamaliza: "Baki ni shilingi elfu arobaini na tano." Watu wanapiga makofi.

Chukua kalamu. Jumlisha mapato. Jumlisha matumizi. Toa. Je, baki ni elfu arobaini na tano?

Umeona tofauti. Sasa hapa ndipo mjumbe anapojulikana. Asiyejua kusoma atapiga makofi na wenzake. Mwingine ataruka na kupayuka, "Wezi!" Lakini ziangalie zile tarakimu. Huenda mwandishi amepindua mbili, basi. Huenda siyo. Mjumbe mwema hunyoosha mkono na kusema, "Mwenyekiti, naomba katibu atusomee tena jumla ya matumizi, na tuone stakabadhi ya mafyekeo." Ombi hilo halimtukani mtu. Kama ni kosa la kalamu litasahihishwa pale pale na katibu atashukuru. Kama siyo la kalamu, stakabadhi itasema.

Mambo matatu mjumbe asiyaache: kila faini iwe na stakabadhi yenye namba, na nakala ibaki kitabuni, kila kikao kiwe na muhtasari uliotiwa sahihi, na fedha zisikae nyumbani kwa mtu, hata kama mtu huyo ni mchaji wa Mungu.

Siku utakapomkuta shemeji

Hili halimo katika sheria ndogo, lakini litakufika. Uko doria, unafuata moshi, unakuta aliyewasha ni shemeji yako, au mtoto wa dada yako, au yule mzee aliyekupa shamba la kwanza ulipooa. Yeye naye anakutazama. "Aa, kumbe ni wewe mwanangu. Basi, nenda salama."

Ukinyamaza, kesho huwezi kumkamata mtu wa kitongoji kingine. Watasema faini ni ya wageni tu, na wana haki. Ukimtoza, jikoni utasikia maneno. Nimeona vijiji vilivyopata dawa yake kidogo: mjumbe akimkuta ndugu yake, huandika jina na mahali, halafu shauri husikilizwa na wajumbe wengine yeye akiwa nje. Inaandikwa katika muhtasari kwamba alitoka. Njia hii haiondoi uchungu wote wa nyumbani, lakini huwezi kuambiwa ulipendelea wala kwamba ulimkomoa. Kabla hujagombea, kaa na mkeo au mume wako, na wazee wa ukoo, uwaambie jambo hili mapema. Kama hawako tayari, ni afadhali ujue sasa.

Na jambo la mwisho la kazi yenyewe. Mjumbe haendi kuzima moto peke yake ili aonekane shujaa. Moto hupanda mlima mbio kuliko mtu, kwa hiyo msisimame juu yake. Kaeni upande uliokwisha ungua au ubavuni, mkiacha njia ya kukimbilia nyuma yenu. Watoto wabaki nyumbani. Mkirudi, hesabianeni majina.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kijiji chenu, kamati ya msitu ilichaguliwa lini, na ni wangapi kati yenu mnaoweza kutaja majina ya wajumbe wake?

2. Ni nani huwasha moto zaidi kwenu: wakulima, wafugaji, warina asali au wachoma mkaa? Je, wana mjumbe katika kamati?

3. Kokotoeni upya hesabu ya kijiji cha mfano. Tofauti ni shilingi ngapi? Andikeni sentensi moja ambayo mjumbe angeweza kuisema mkutanoni.

4. Kama mrina asali aliyewahi kutozwa faini akigombea kwenu, mtampa kura? Wanaosema ndiyo na wanaosema hapana, kila upande ueleze sababu zake.